Huo Si Mkono, Huo Ni Mhogo

Somo yangu Zuwena,

Salamu zitangoja. Jina letu lilikuwa moja, sasa nimebaki nalo peke yangu, na leo nina kinyaa ambacho sina mwingine wa kumtapikia.

Wamefanya maonyesho ya picha alizochora mwanao Rahma. Ni ukumbini hapa Madungu, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, mgeni rasmi kachelewa kama ada yao. Rahma kavaa baibui jipya. Ukutani gati ya Wesha, soko la Konde, wanawake wakichambua karafuu. Rangi kazichukua kwako, sikatai. Lakini nilisogea karibu, nikaona. Watu wote hawana mikono! Mchukuzi wa Wesha, mikono imezama nyuma ya gunia. Muuza samaki kaitia mfukoni. Wachambua karafuu, watu ambao kazi yao nzima ni vidole, wamefunikwa kanga mpaka kiunoni. Binti hajui kuchora mkono, basi anauficha, na kwa kuuficha amekuwa fundi hasa.

Na watu? "Mashaallah, mashaallah." Wanapita mbele ya picha kama wanaovuta tasbihi. Unaujua ugonjwa wetu: hapa ukikosoa kazi ya mtu wewe ni hasidi, una kijicho, kwa hiyo kila mmoja anatanguliza mashaallah asije akashukiwa, hata mbele ya kitu kibovu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu sanaa inavyouawa na wafalme na magereza. Sisi tunaiua kwa adabu, kisha tunagawiwa soda.

Nikamwuliza mbele yao: "Rahma mwanangu, hawa watu wako wamekatwa mikono na nani?"

Mgeni rasmi akacheka cheko la kukohoa: "Bi Zuwena, tumtie moyo mtoto. Marehemu mama yake angefurahi." Nyuma yangu mwanamke akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kijicho hicho, bibi we! Na kaburi la mama mtu halijakauka." Rahma akavuta mtandio, akatoka.

Ungefurahi! Hapo ndipo roho iliponichafuka. Watu waliosema ulipokuwa hai kwamba unajipofua kwa kuchora, mambo ya kitoto, leo wanajua kilichokufurahisha. Mimi nilikuwepo, somo. Nilikuona alfajiri zile ukimkalisha Rahma mkekani kabla ya chai, akichora mkono nyuma ya kalenda kuukuu, nawe umeinama begani kwake: "Huo si mkono, huo ni mhogo. Futa." Anacheka, anafuta. Na mimi nikikuletea makala zangu ulinisomea kwa sauti, ukifika penye sentensi mbovu unasita: "Hapa unajisikiliza, somo." Nilikuwa naondoka nimevimba kwa hasira, nikifika nyumbani naikata. Tangu ufe naambiwa mashaallah tu, na makala zangu zimeanza kunenepa.

Alfajiri zile zimekwisha. Rahma anachora akipenda. Wamemwambia ana kipaji, naye kakikalia kama kigoda cha urithi. Wanaita kujiamini. Upuuzi mtupu! Kujiamini gani huko kunakokimbia vidole vitano? Anayejiamini ni yule aliyeuharibu mkono jana, anajua leo huenda akauharibu tena, na bado anachonga penseli.

Baada ya maonyesho hakupokea simu zangu. Sikufichi, niliogopa. Niliogopa nimemvunja, kwamba penseli hataishika tena, na kwamba kilichobaki chako duniani nimekizima mimi kwa ulimi wangu. Kisha nikakumbuka jambo moja: wewe hukuwahi kusema futa ukaondoka. Ulikaa mpaka uchorwe mwingine. Basi nikaswali alfajiri, nikaenda kwako, nikaketi kwenye mkeka wako bila kukaribishwa.

Rahma akatoka chumbani, macho yamevimba, akanitupia karatasi mapajani. Mikono. Imejaa mikono mbele na nyuma.

"Haya, sema basi," akaniambia. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikapita mmoja mmoja kwa kidole. Mhogo. Mhogo. Huu mhogo uliooza. Chini pembeni nikakuta mkono ulioshika kifutio, kidole cha mwisho kimepinda, kama chako kilivyopinda tangu kilipobanwa na mlango. Somo, neno la wale wa ukumbini lilinijia mpaka ncha ya ulimi.

Nikalimeza.

"Kidole gumba mhogo," nikamwambia. "Futa."

Akanitazama. Kisha likamtoka lile cheko lenu la puani, akatafuta kifutio.

Nakuacha sasa, kunakucha na nina pa kwenda. Nakuahidi hivi: kila siku nitakuwa mkekani kabla ya chai, na wakiniita hasidi waniite. Ile mashaallah nimemwekea Rahma. Siku atakapochora mkono ambao mtu angetamani kuushika, nitaitamka kwa sauti waisikie mpaka Wesha, na wewe utakuwa wa kwanza kuisikia. Mola akuangazie humo ulimo.

Somo yako,
Zuwena