Rangi ya Makuei

Jumatano. Mvua imetwanga bati tangu alfajiri, na hapa mtaani Kator tope limefika mlangoni. Nimechoka, na leo sitaki kujifanya sijachoka.

Baba anapoteza macho. Daktari alisema wazi kwamba hayatarudi, na hata mwanga uliobaki unakwenda. Baba hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu: nimchoree Makuei, amwone mara ya mwisho.

Makuei ni maksai ambaye Baba alipewa alipoingia utu uzima. Kwetu kijana humtungia maksai wake nyimbo, na watu humwita yeye mwenyewe kwa jina la rangi ya mnyama huyo. Vita vilimchukua Makuei kabla sijazaliwa. Mimi nimekulia ukimbizini, Nakuru. Ng'ombe niliyemjua ni yule wa maziwa ya chai.

Kuchora si shida. Shida ni rangi.

Mara ya kwanza nilipaka mwili penseli nyeusi tupu, akatokea kama shimo lenye pembe. Baba akaisogeza karatasi huku na huku. "Ayen, huyu si yeye." Nikaanza upya: kahawia chini, buluu juu yake, nyeusi mwisho, nikifuata manyoya yanavyolala, kichwa nikakiacha cheupe. Akatikisa kichwa tena.

Jumapili nikashuka mtoni, upande wa Sherikat, kumtafuta furukombe, yule tai mla samaki, maana jina la Makuei limetoka kwa ndege huyo: mwili wa giza, kichwa cheupe. Nilipomwona nikaona aibu. Weupe wake haukatiki kwa rula kama nilivyoukata mimi. Unayeyukia shingoni, tena una umanjano kidogo na kivuli cha kijivu.

Leo nimemaliza. Jicho la Makuei limelowa, shingo ina joto, nusura nisikie harufu ya samadi. Nimemwomba Mungu, mimi nisiyeomba siku za kazi.

Baba ameketi mlangoni penye mwanga, akaileta karatasi hadi puani. Kisha akaishusha mapajani. Kidole chake kikatafuta mistari ya pembe, pale nilipokandamiza penseli, kikaifuata polepole hadi nchani. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari.

"Sasa ni yeye," akasema. "Pembe ni zake kabisa. Rangi utatia lini?"

Nimeshindwa kumtazama. Penseli nyeusi imebaki kipande kisichoshikika, na mikono yangu yote ni rangi.

Nimechelewa. Ee Mungu, nimechelewa.

Nimemjibu: kesho, Baba.