Posho ya Nafula

Jumatatu, 6 Mei 1974
Nimefagia uwanja, nimefungulia kuku. Nimechemsha chai ya watu wawili tena. Mazoea tu. Nafula yuko Malaba tangu Pasaka, anajifunza kushona turubai za malori kwa Mzee Emojong. Kule kanisani wameniuliza kama binti yangu hakuona cherehani ya nguo. Siku hizi jua hutua sijasema neno na mtu.

Ijumaa, 10 Mei
Bomani, kupokea pesa za mtoto. Serikali hunilipa kwa ajili ya Nafula tangu baba yake afariki akiwa karani wa forodha. Leo dirishani yuko karani mpya, kijana mpole. Akauliza mtoto yuko shule gani. Nikamwambia shule amemaliza, sasa ni mwanagenzi. Akaweka kalamu chini.
"Analipwa, mama?"
Nikasema sijui. Na kweli sikujua.
Akanieleza taratibu. Anayejifunza kazi bila malipo bado ni mtoto mbele ya serikali. Akilipwa, hata kidogo, ni mfanyakazi, na pesa za baba yake zinakoma. Nije na neno la fundi.
Nimerudi kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 18 Mei
Malaba. Vumbi tupu. Malori yamepanga foleni mpaka karibu na reli. Nafula amepiga magoti juu ya turubai, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani asichomwe na sindano. Hakuniona. Nikasimama nikimtazama. Nikaona wivu. Mtu mzima, kuonea wivu turubai!
Mzee Emojong amenivutia kiti. Kumbe humpa posho kila Jumamosi.
"Mshono wake haupitishi maji, Mama Nafula. Madereva wanamtaka kwa jina. Siwezi kumtumia bure."
Nikamwomba aache kumpa. Nikamweleza kwa nini. Akasema mtoto ni wangu. Nafula hatumwambii, nikasema. Atadhani kazi imepungua.
Alikubali bila kuniangalia usoni.

Jumatatu, 3 Juni
Neno la fundi limepokewa. Pesa zimetoka. Nimenunua sukari na mafuta ya taa, lakini si kwa ajili ya sukari nilifanya vile. Afadhali niandike hapa, maana hakuna wa kumwambia. Pale dirishani huita, "Familia ya Barasa Wandera!" nami nasimama mbele za watu. Busia nzima hakuna tena anayelitaja jina la mume wangu. Ndugu zake Budalang'i wamenyamaza. Dirisha lile ndilo lililobaki.

Jumapili, 16 Juni
Nafula hajaja. Hata Jumapili iliyopita hakuja. Nilipika kuku. Nimekula shingo, nyama nimempelekea jirani.

Alhamisi, 20 Juni
Amekuja leo, siku ya kazi. Nilifurahi kabla sijauona uso wake. Alimuuliza Mzee kwa nini posho imekatwa, na Mzee hajui kudanganya. Nafula hakuketi. Alisimama mlangoni.
"Mama, mimi nilidhani nashona vibaya."
Siku zote hizi alikuwa akifumua kazi yake na kuishona upya. Akitafuta kosa. Vidole vimechanika.
Niliinjika ugali. Hakungoja uive.
Mimi ni mama mbaya.

Ijumaa, 21 Juni
Bomani asubuhi. Nimemwambia karani kwamba mtoto analipwa.
"Una hakika, mama? Nikifunga faili hii, haifunguliwi tena."
Nikasema funga.
Akafunga. Nikabaki pale dirishani kama mtu aliyesahau kitu, mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniomba nimpishe. Nimempa dereva wa lori la saruji ujumbe kwa Mzee Emojong: Nafula apewe haki yake, ya kesho na ya nyuma.
Nimelia njiani. Sio kwa sababu ya pesa.

Jumapili, 14 Julai
Nafula alikuja jana. Ya posho hakuyataja, nami sikuyagusa. Ameniletea sabuni na kitambaa cha kichwa, rangi ambayo mimi singechagua. Nimekifunga kwenda kanisani. Baada ya chakula alilala mkekani mdomo wazi, usingizi wa mtu wa kazi. Nilikaa karibu naye nikifukuza nzi.
Alipoamka alisema nihamie Malaba. Nikasema tutaona. Sitahama, na anajua.
Nilimsindikiza hadi barabarani. Lori likasimama, dereva akamwita kwa jina, akapanda mbele. Hakugeuka. Walikuwa wakicheka jambo. Nilibaki pale mpaka vumbi likatulia.
Nikirudi, jirani aliyehamia majuzi aliniuliza mgeni wangu alikuwa nani.
Nikamwambia, fundi wa turubai, kutoka Malaba.