Jiwe la Kichwani kwa Baba

Arlington, Texas
13 Julai 2008

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Anastasie,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu shemeji Polycarpe, halafu wale mapacha ambao kwenye picha wamenikazia macho kama vile mimi ndiye niliyewanyima pipi. Mgongo wako umepata nafuu? Mama anauliza kama bado unachota maji kwa ndoo mbili. Usimwambie umeacha kama hujaacha, maana atajua.

Sisi huku tu wazima. Mama bado anafanya kazi ghalani kule Mesquite, anafunga maboksi, na binamu Dady ndiye anayempeleka kwa gari. Dady akishika usukani anaimba, na Mama anasali. Jumamosi Mama anapika maharage katika sufuria ile ile kubwa tuliyotoka nayo nyumbani. Bado anaifunika kwa sahani ya bati, na mvuke ukiisukuma sahani ikaanza kulia, anamwita Dady, mpoteza mfuniko, aje aone kazi yake. Dady ana miaka ishirini sasa, ana ndevu, na bado anaapa kwamba si yeye aliyeupoteza. Tunacheka wote. Hata mimi nacheka.

Barua yako ilifika mwezi wa tano. Mama aliisoma mara mbili kwa sauti. Tulifurahi kusikia kwamba majina yenu ya kurudi nyumbani yametoka hapo kambini, kwamba mwezi wa nane mtapanda meli Kigoma mrudi Baraka. Mama alilia pale ulipoandika kwamba kabla hamjajenga hata choo, wewe na shemeji mtapanda milimani na mfuko wa saruji kumtengenezea Baba kaburi. Halafu ukauliza kuhusu lile jiwe jeupe la kichwani. Ukasema Orpa ndiye aliyeliweka, basi awaambie lina ukubwa gani na limekaaje, msije mkasimamisha msalaba juu ya baba wa watu wengine. Mama aliniambia nikujibu mimi mwenyewe.

Ni miezi miwili sasa, nisamehe. Nitakujibu, Yaya. Ila niache nianze na safari, kwa sababu bila safari ile nisingeweza kuandika ukurasa unaofuata.

Shuleni hapa nasoma Kifaransa pamoja na watoto wanaokianza. Mimi, na Kifaransa changu chote cha kambini Nyarugusu, nakaa nyuma kabisa na kunyamaza. Mwalimu wetu tunamwita Madame, ingawa ni mwanamke wa hapa hapa Texas. Mwezi wa sita aliwapeleka wanafunzi kumi Ufaransa kwa wiki moja, na nafasi moja iliyobaki akanipa mimi, eti niwe nasoma vibao na kuuliza njia. Mimi, Yaya! Mimi ninayeogopa hata kumwambia dereva wa basi la shule kwamba amepitiliza kwetu.

Katika kundi alikuwemo Sheldon, Mkenya wa Grand Prairie, mama yake ni nesi. Huyo haogopi kitu. Ananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha mchungaji anayetangaza ndoa, nami namwambia chake kimegongwa na gari. Ndiye peke yake ninayeweza kumjibu.

Siku ya nne tulipanda milima inayoitwa Cévennes. Nilishuka kwenye basi nikasimama kama mjinga. Texas nimezoea nchi tambarare, barabara na maegesho mpaka upeo wa macho. Huku kulikuwa na upepo wa baridi, nyasi fupi, kondoo, na mlima nyuma ya mlima mwingine. Ilikuwa kama kwetu, ila bila migomba na bila watu.

Tuliongozwa na dada mmoja kijana aliyekuwa na mafua, kila baada ya maneno matatu anapiga chafya. Alitupeleka kwenye makaburi ya mawe. Si makaburi kama unavyoyajua. Ni mabamba makubwa ya mwamba, mawili au matatu yamesimamishwa wima, na juu yake limelazwa moja pana, zito kuliko gari la Dady. Alisema yana zaidi ya miaka elfu nne. Waliyajenga watu ambao hawakuwa na chuma, na humo hawakumlaza mtu mmoja tu. Walifungua, wakasogeza mifupa ya wazee pembeni, wakawaingiza wengine, vizazi kwa vizazi. Jina la hata mmoja wao halijulikani.

Madame aliniomba niwatafsirie wenzangu. Niliwatafsiria nikitazama viatu vyangu. Sheldon akatangaza kwamba hiyo si kaburi, ni meza ya nyama choma, kinachokosekana ni kachumbari. Yule dada alitaka kujua wanacheka nini, ikabidi nimtafsirie hata hilo. Alicheka mpaka akapiga chafya, akasema wanakijiji wa zamani nao walidhani ni meza, meza ya majitu.

Kaburi la mwisho lilikuwa limebaki mawe mawili tu ya kusimama. Lile la juu halipo. Dada alisema liliondolewa zamani, na hakuna ajuaye lilikwenda wapi. Kisha akasema neno dogo tu, kwamba kaburi lililopoteza mfuniko wake ni kaburi bado. Wenzangu walikuwa wananitazama wasikie amesema nini. Sikuweza, Yaya. Nilimwambia Madame nasikia baridi, nikaenda nikasimama nyuma ya mawe.

Hapo chini, kwenye nyasi, niliona jiwe jeupe, kama mkate wa boksi. Nikaliokota nikalitia kwenye begi. Nakwambia nilichokuwa nawaza, hata kama utanichukia. Nilitaka kulileta Arlington, nimpe Mama Matumaini wa kanisani, anayesafiri kuja huko, akuletee, na nikuombe ulisimike mlimani kwa siri, nikikupa sababu yoyote itakayonijia kichwani. Sheldon aliniona. Akaniuliza kama naiba mlima, na kama Arlington mawe yamekwisha. Halafu akaniona usoni, akaacha utani, akanikatia nusu ya mkate wake wa jibini.

Nililibeba mpaka mlangoni pa basi. Hapo nikakuona akilini wewe na shemeji mnakoroga saruji kulizunguka lile jiwe la Wafaransa, juu ya mtu msiyemjua, na Baba yuko hatua chache pembeni, hana kitu. Niliomba dakika mbili, nikarudi mbio. Pale nilipolitoa palikuwa na alama, nyasi zimekuwa nyeupe kwa kukosa jua. Nililirudisha palepale.

Sasa nakujibu. Jiwe la Baba halipo. Halijapata kuwapo.

Unajua kwamba tulipokuwa tunakimbia vita, wewe, Mama na Bibi mlitangulia Baraka kutafuta mtumbwi, na sisi tukabaki nyuma wanne: Baba na homa yake, baba mdogo Siméon, Dady, na mimi niliyevimba mguu. Baba alikata roho asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Baba mdogo alichimba kwa jembe la kuazima, pembeni ya watu wengine watatu waliozikwa pale wiki ile. Dady alitumwa njiani kulinda mizigo. Tulipomaliza kufukia, baba mdogo akaniambia kwamba katika ukoo wetu mtoto wa mwisho ndiye anayemwekea mzazi jiwe la kichwani. Basi niende kijitoni nilete jeupe, ili siku tukirudi tumjue. Yeye akaenda kurudisha jembe.

Niliteremka. Nililiona, Yaya, lilikuwa jeupe kweli. Nililiinua mpaka magotini likaniponyoka. Nikalisukuma. Nikalikalia nikalia. Kisha nikaliacha. Hakuna mtu aliyenifukuza, na siku ile hapakuwa na risasi. Mara nyingi nimetamani ingekuwapo hata moja ya kusingizia. Nilikuwa na miaka minane, nimechoka, basi.

Niliporudi mikono mitupu niliona aibu kumwacha Baba hivyo. Mgongoni nilikuwa nimefungiwa sahani zetu kwa kitenge, pamoja na mfuniko wa ile sufuria. Niliutoa mfuniko. Nikachimba kwa mikono upande wa kichwa, nikausimamisha wima, kishikio kikitazama mlima, nikaufukia wote baba mdogo asiuone. Aliita kutoka njiani kama nimeweka. Nikaitika ndiyo. Watu walikuwa wanaondoka, hakuja kutazama.

Kule Baraka, Mama aliposikia kwamba mumewe ana jiwe jeupe kichwani, alinikumbatia akasema afadhali hilo. Ningesemaje baada ya hapo? Siku hiyo hiyo Dady alichapwa kwa ajili ya mfuniko, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba mdogo alifia kambini akiamini. Na jiwe likaendelea kukua lenyewe. Nyarugusu lilikuwa kama kichwa cha mtoto, na Pasaka hii Mama alipotoa ushuhuda kanisani lilikuwa limefika ukubwa wa kondoo.

Kwa hiyo usitafute jiwe. Yalikuwa makaburi manne kwa mstari, chini ya njia, kabla ya kufika kijito. Ukikipa kijito mgongo na kutazama mlima, la Baba ni la mwisho mkono wako wa kulia. Vichwa vyote viko upande wa mlima. Tafuta chuma chembamba, uchome ardhi taratibu, usichimbe kwanza. Kikigonga kitu kikalia kama bati, fukua kidogo kwa vidole. Utaujua. Una ule mbonyeo pembeni, wa siku ulipouangusha kwenye harusi ya shangazi Fortunée ukanisingizia mimi.

Niliandika mpaka hapo jana. Leo baada ya ibada nimewasomea Mama na Dady barua yote, nimeinamisha kichwa, sijawatazama mpaka mwisho. Dady alisimama akaiambia dari kwamba miaka minane, miaka minane mizima yeye ni mpoteza mfuniko. Akatoka nje. Akarudi, akaniwekea mkono kichwani, akatoka tena.

Mama aliniuliza swali moja tu, kama mfuniko ulikuwa safi. Nikamwambia niliufuta kwa gauni. Akaenda jikoni, nikasikia sahani inainuliwa, maharage yanakorogwa, sahani inarudishwa. Alikaa huko sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema nikuandikie hivi: mkiupata msiutoe. Ufunikeni tena, mpitishe saruji juu yake. Yeye sahani inamtosha.

Mama Matumaini anaondoka Jumanne, barua itakufikia kabla ya meli. Kama una hasira nami, niandikie hasira hizo, usinyamaze, maana uchungu wa kunyamaza naujua mimi mwenyewe. Wabusu mapacha. Msalimie shemeji, na ukifika kule juu, mwambie Baba kwamba mtoto wake wa mwisho amesema.

Mimi mdogo wako,
Orpa