Asubuhi Niliyomkatalia Shangazi Sala

S.L.P. 118,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na wifi yangu hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kule ghalani umepona, au bado unatembea kama mtu aliyedondosha sindano? Sisi huku tunaendelea. Baba mdogo anakohoa kama kawaida yake na anakataa dawa kama kawaida yake. Mimi ni mzima wa mwili; yaliyobaki ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Najua nimekaa kimya tangu tumzike shangazi. Ulipopiga simu nilikuambia alikufa kwa amani. Sikukudanganya, ila sikukueleza yote.

Kwenye barua yako ya mwisho, wewe uliyehamia kanisa jingine, uliniuliza kwa nini sisi Wakatoliki tunamwomba Maria atuombee, hali Yesu mwenyewe yupo na anasikia. Uliiandika vizuri, na aya za Biblia ukazipanga. Niliisoma mara tatu kazini, katika chumba cha kupigia pasi mashuka ya hospitali, nikaona huna kosa. Nikaitia mfukoni mwa aproni.

Shangazi wakati huo alikuwa hatoki tena kitandani. Rozari yake unaikumbuka, ile iliyopotelewa na punje moja akatia kifungo cha shati. Nilipomcheka alisema Mama Maria naye alikuwa na mtoto wa kuvalisha, vifungo anavijua.

Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake kwenda kazini aliniambia, "Niombee, mwanangu." Nami nilimjibu kwamba nitamwombea, huku mguu mmoja uko nje. Alhamisi ile nilikuwa nimechelewa, na maneno yako yalikuwa yamenijaa kichwani. Aliponiomba, nilisimama nikamwambia, "Shangazi, omba mwenyewe. Mungu anasikia bila kupitia kwa mtu."

Alinitazama kidogo, akaniomba nifungue pazia apate jua. Nikafungua, nikaenda zangu. Saa nne jirani yetu mshona viatu alikuja mpaka kwenye geti la hospitali kuniita. Alikuwa amempelekea maji ya kunywa, akamkuta ameshatutoka, rozari imezunguka kidole kimoja.

Tangu hapo sijapita mlango ule salama. Ni asubuhi kweupe, watu wanapiga mswaki uani, nami namsikia. Si ndoto, mdogo wangu, wala sijachanganyikiwa. Ni sauti yake ile ile, haina hasira hata chembe, na hilo ndilo linaloniumiza: "Niombee, mwanangu." Nilihamisha kitanda changu. Nikapaka chokaa ukuta. Nikaanza kutokea mlango wa nyuma, naruka matope kama mwizi, nayo ikanifuata hadi kazini, ndani ya mvuke wa pasi.

Kibaya zaidi, nikawa siwezi kusali. Nikifumba macho niseme "Ee Mungu," najisikia mwenyewe nikijibu, "Omba mwenyewe." Kinywa kinagoma.

Kazini nina mwenzangu mtu mzima, tunamwita Mama Pasi, maana yupo pale tangu mimi sijajua kushika pasi. Aliniona nakunja shuka moja mara nne, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, pamoja na barua yako. Sikumficha kwamba nilitaka kukubebesha wewe lawama. Hakuipokea. Alisema ulimi ulikuwa wangu.

Akaniuliza kama shangazi, aliponiomba nimwombee, alikuwa amemwacha Yesu. Nikasema hapana. Akauliza kama wewe ukiwaomba wenzako kanisani wakuombee mgongo, mnakuwa mmemruka Yesu. Nikasema hapana. Akanyoosha foronya mbili, kisha akasema:

"Basi hatumwombi Maria kwa sababu Mwanawe ni mgumu wa kusikia. Tunamwomba kwa sababu kwa Mungu yuko hai, na sisi ni ndugu zake. Shangazi yako amesema nini maisha yake yote? Utuombee, sasa na saa ya kufa kwetu. Saa hiyo wewe ulikuwa huku. Maria aliyeombwa alikuwa kule kwake."

Niliketi juu ya furushi la mashuka machafu, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeungua.

Jana mchana niliingia chumbani kwa shangazi, mara ya kwanza kukaa humo tangu mazishi. Nilikaa sakafuni. Nilijaribu kuanza na Mungu, kinywa kikagoma tena. Ndipo nikasema, "Mama Maria, mtu aliniomba nimwombee, nikamkatalia. Wewe usinikatalie." Hakikutokea kitu cha kusimulia. Ila baada ya maneno hayo niliweza kuendelea. Nilisali Baba Yetu hadi mwisho bila kukwama, kisha nikamwombea shangazi kwa jina lake.

Sauti haijakoma. Leo asubuhi nikienda misani imeniita tena. Tofauti ni kwamba leo nilisimama nikamwombea, ingawa nilikuwa nachelewa. Na nikuambie jambo la ajabu: sasa naogopa isije ikakoma.

Sikuandikii ili nikuvute urudi kwetu. Huko ulikopata amani, kaa. Ila nakuomba, safari hii usinijibu kwa aya za Biblia. Nimelemewa, ndugu yangu, na sala yangu peke yangu hainitoshi. Niombee. Na ukiona kalamu inakubali kuandika, "Nitakuombea, dada," basi swali lako utakuwa umelijibu kwa mkono wako.

Nisalimie sana wifi, na mama mkwe wako, mwambie kitambaa alichonitumia kinapendeza mezani. Baba mdogo anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Mama Pasi naye anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mgongo wako ameshauweka katika sala zake, hakusubiri ruhusa.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na asikuache ukiwa peke yako saa utakayohitaji mtu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama ulivyoniacha.