Rukia Alinitaka Nifungue Ninja

Jumatano, baada ya Magharibi

Na nimemtukana njiani, watu wakitazama. Ulimi wangu huu!

Tulikuwa Ndia Kuu, mimi na mwanangu Rukia, twatoka dukani. Tuktuk ikaja nyuma yake ikipiga honi. Nikamwambia apishe, yeye yuaenda tu kama bibi harusi. Nikamvuta buibui.

"We Rukia, kiburi cha nini? Mamako asema nawe, wewe wanyamaza!"

Akageuka. "Mama, fungua ninja yako usoni nikuone midomo."

Midomo! Miaka tisa yuko kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kufuma. Kwa makelele yale wafanyakazi husomana midomo, nami nikidhani ni mchezo wao. Kumbe masikio yamekwisha. Nyumbani hunitazama mdomo nikisema, nami nikiona ni adabu.

"Msimamizi wako ajua?" nikamuuliza, uso wazi katikati ya njia.

"Akijua nitafukuzwa. Wanangu watakula nini?"

Na ni mimi niliyempeleka kiwandani. Alitaka kukaanga bajia mlangoni kwetu, nikasema mwanangu mimi hauzi bajia. Ya Rabi, ujinga gani ule!

Jioni alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo. Nikamwambia, "Usirudi kule, mwanangu. Acha kazi." Nimesema mara mbili, kwa sauti.

Kumgeuza anione mdomo sikuthubutu. Angeacha kweli, na nyumba nzima twala kwa mkono wake.