Kitabu Kimeisha, Mama Hajafika

Kwa binti yangu mwenye kichwa kigumu,

Huku tu wazima, ila meno yangu mawili yamehama bila kuaga, kama alivyofanya mumeo.

Ulipokwenda kutafuta kazi ulimwambia mwanao, "Babu akimaliza kukusomea hiki kitabu, nitakuwa nimerudi kukuchukua." Ulijua ninavyosoma, neno moja kikohozi kimoja, ukadhani tutafika mwakani. Kumbe hadithi ni tamu, tukaitafuna. Nilipoona kurasa zinakwisha na simu yako haipatikani, nikaanza kutunga yangu. Nikamwozesha mpishi, nikamfufua mbwa aliyekwisha kufa. Jana mjukuu wangu akanishika mkono.

"Babu, hapo unaposoma ni jalada."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Leo tangu asubuhi amevaa viatu, amekaa mlangoni na begi lake mapajani. Chakula hataki. "Mama atanikuta sijawa tayari."

Mwanangu, mimi niliyemtania polisi mpaka akanifunga, leo naogopa kumwambia mtoto aingie ndani. Kama uko hai, piga simu. Matusi yangu utayapokea baadaye. Zungumza naye kwanza.

Ni mimi babako, mchokozi niliyeishiwa maneno.