Ile shule ya Uganda niliyokataa

Baba mupenzi,

Jambo kwako na ku nyumba yote. Huku Urusi teluji inaanguka tangu juzi. Niliwaambia baridi ya Butembo imenizoesha. Nilijidanganya.

Jana asubuhi, mu cuisine ya foyer, mule banafunzi tunapikia, nilikuwa naimba polepole wimbo wa kanisa yetu. Mutu nyuma yangu akanisalimia na luga yetu: «Wabukire!» Ni mwanafunzi mupya wa udaktari, Mukonjo wa Uganda. Kwao ni ngambo tu ya mupaka wa Kasindi, na luga yabo ni kama Kinande yetu. Alikuwa anasonga bugali ya unga wa ngano, akanikatia nusu.

Baba, unakumbuka vile nilikupigia kelele? Ulisema Uganda ni karibu, nitarudi kila likizo. Mimi nikasema siwezi kusoma kwa batu ambao basoda babo balivuka mupaka na banalala mu classe yako, mule unafundishia. Nikachagua mbali, nikaona njo heshima.

Tulipokuwa tunakula, akaniuliza: «Juu ya nini hukukuja kusomea kwetu? Mama yangu angekupikia.»

Nikamujibu kwamba shule yabo ilikataa dossier yangu. Akanihurumia, akaniongezea bugali, na mimi nikakula.

Mungu akulinde, wewe na batoto ba classe yako, popote unabafundishia sasa. Lakini ile barua ya shule ya Uganda ya kunikubali, ile uliweka mu Biblia yako, uiondoe mule. Sipendi uikute kila siku ya yenga, ukifungua Biblia mu kanisa.

Mutoto wako,
Kambale